Uuguzi wa wagonjwa wa presha na moyo: tunayoyaangalia wodini na yanayopaswa kuendelea nyumbani

Mwenye uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watu wazima hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya wagonjwa ninaowahudumia wana shinikizo la damu, moyo uliopungukiwa na nguvu, au yote mawili. Ninafungua uzi huu kwa sababu wengi wao huruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na nafuu ya kweli, kisha hurejea baada ya wiki chache wakiwa hawawezi hata kulala chali kwa kuhema. Jamaa zao wanapoulizwa mambo yalianzaje, husimulia dalili zilizojitokeza siku kadhaa kabla, bila mtu yeyote kuwa amewaeleza kwamba hizo ndizo zilizostahili kuangaliwa. Hilo linaniuma, kwa kuwa maarifa yenyewe si ya siri na hayahitaji mashine za bei kubwa.

Msimamo wangu ni huu: kumuuguza mgonjwa wa moyo na presha ni kazi ya kulinganisha leo na jana. Pumzi ya leo na ya jana, uzito, mapigo, mkojo, uvimbe wa miguu, namba za presha. Akiwa wodini, kazi hiyo tunaifanya sisi na kuiandika kwenye chati. Akitoka, chati inabaki hospitalini na mara nyingi hakuna anayeipokea kazi. Kwa hiyo ninashikilia kwamba kumfundisha mtu wa nyumbani ni sehemu ya matibabu sawa na vidonge, na mafunzo hayo hayafai kufanywa mlangoni dakika ya mwisho huku gari likisubiri.

Nianze na kipimo cha presha, maana kila uamuzi unaofuata hutegemea namba zile mbili. Mkanda wa kuzungushia mkono ulibuniwa na tabibu Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti zinazosikika mshipani mkanda unapolegezwa. Kanuni ni ileile mpaka leo, na bado tunaikosea kila siku. Mgonjwa ametembea juani kutoka kituo cha matatu, amepanda ngazi, ameketi kwenye benchi lisilo na egemeo, na kabla hajatulia mkanda umeshafungwa huku akiulizwa maswali. Namba inayopatikana hapo ni ya safari yake. Anapaswa kukaa kimya kwa dakika 5, mgongo ukiwa umeegemezwa, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, miguu isipishanishwe, kibofu kikiwa kitupu, na mkono uwe umelazwa mezani usawa wa moyo. Katika nusu saa iliyotangulia asiwe amekunywa kahawa, amevuta sigara wala kutafuna miraa au muguka, ambavyo vyote hupandisha presha na kuharakisha mapigo. Kipimo kirudiwe baada ya dakika 1 au 2, na kwa mgonjwa mpya ipimwe mikono yote miwili, kisha mkono wenye namba kubwa ndio utumike siku zote.

Saizi ya mkanda nayo ina uzito wake. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unapaswa kuzunguka takriban asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo kweli, na mtu anaweza kuongezewa dawa asizozihitaji kwa sababu ya mkanda tu. Hapa kwetu kuna jambo jingine linalostahili kutajwa waziwazi: mwanamke aliyevaa buibui hapendi kufunua mkono mbele ya watu, na muuguzi mwenye haraka hufunga mkanda juu ya nguo, au husukuma mkono wa nguo hadi unambana juu ya kiwiko. Yote mawili huharibu kipimo. Pazia moja na dakika moja ya staha huondoa tatizo hilo kabisa, na ninawasihi wauguzi wenzangu wasilichukulie kuwa jambo dogo.

Kwa kipimo cha hospitalini, presha huhesabiwa kuwa ya juu inapofika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini, nayo huthibitishwa kwa kupimwa siku tofauti, isipokuwa pale ambapo namba ni kubwa mno au viungo vimeshaanza kudhurika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliwakuta takriban robo ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 wakiwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za presha ili wapime watu majumbani, kwa hiyo mtaani kwako huenda yupo wa kukupima bila nauli. Mfungulieni mlango.

Sasa nije kwenye moyo uliopungukiwa na nguvu, ambao wengi mtaani huuita moyo kutanuka. Moyo huo hausukumi damu ya kutosha, figo nazo huhifadhi chumvi na maji zikidhani mwili umekaukiwa, na maji hayo hujikusanya miguuni, tumboni na mapafuni. Jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua ni kwamba maji hukusanyika kabla mgonjwa hajaanza kuhema. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mizani huyaona maji mapema kuliko macho. Mgonjwa apimwe kila asubuhi, akishatoka msalani na kabla ya kunywa chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile na kwenye mizani ileile, na namba iandikwe. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hata kama anasema hajambo, arudishwe hospitalini au kliniki siku hiyohiyo.

Wako wasio na mizani, na sipendi kuwaacha wakidhani hawana la kufanya. Waangalie anachoweza kufanya. Mtu wa Likoni aliyekuwa akipanda mteremko wa feri bila kusimama, na wiki hii amesimama kuvuta pumzi, ametoa taarifa muhimu sana. Vivyo hivyo mzee wa Mji wa Kale anayeanza kupumzika katikati ya ngazi za nyumba yake. Hesabuni mito anayolalia: aliyekuwa akilala kwa mto mmoja na sasa anataka mitatu, au anayeamka usiku akikimbilia dirishani kutafuta hewa, tayari mapafu yake yanapokea maji. Bonyezeni mfupa wa muundi kwa kidole kwa sekunde chache muone kama panabaki shimo. Na kwa mgonjwa asiyetoka kitandani, uvimbe msiutafute miguuni peke yake, kwa kuwa maji huteremkia sehemu iliyo chini, naye huvimba zaidi kiunoni na mgongoni kwa chini.

Wodini, mgonjwa wa aina hiyo huinuliwa kichwa na kifua akakaa nusu wima, kwani kumlaza chali ni kumzidishia taabu. Hupimwa kiwango cha oksijeni, na kila anachokunywa na kila anachokojoa huandikwa. Dawa ya kutoa maji iitwayo furosemidi, inapotolewa kwa sindano ya mshipa, husukumwa polepole, kwa dozi kubwa isizidi miligramu 4 kwa dakika, kwa sababu kuharakishwa kwake kunaweza kudhuru masikio. Ikiwa mgonjwa anatumia digoksini, dawa ya kuupa moyo nguvu, muuguzi husikiliza mapigo kifuani kwa dakika nzima kabla ya kumpa. Yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima, dozi husimamishwa na daktari huarifiwa, na kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula au kuona vitu vikiwa na rangi ya manjano huchukuliwa kuwa dalili za dawa kumzidi.

Hapa niseme neno kuhusu dripu. Jamaa wengi humwona mgonjwa amedhoofika, wakaomba kwa nia njema kabisa atundikiwe dripu ili apate nguvu, na wakikataliwa huona kwamba mgonjwa wao amepuuzwa. Kwa moyo uliokwisha kulemewa, nusu lita inayoingia kwa kasi inaweza kumjaza maji mapafuni usiku huohuo. Muuguzi anayekataa hana budi kuieleza familia sababu kwa utulivu, maana wasipoelewa, watampeleka kwenye zahanati ya mtaani na atatundikiwa huko.

La mwisho kwa sasa ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na nyingine za kundi hilo huuzwa madukani bila maswali, nazo hufanya mwili uhifadhi chumvi na maji, hupandisha presha, huzipinga dawa za presha na huzilemea figo. Ninapompokea mgonjwa aliyerejea akiwa amevimba ilhali vidonge vyake amemeza vyote, swali langu la kwanza ni kama magoti au mgongo ulikuwa ukimsumbua.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji kutoka Likoni

Sista, ahsante kwa somo hili. Mama yangu ana miaka 63. Kila akienda kliniki presha yake huonekana 165 kwa 100, lakini mimi nikimpima nyumbani kwa mashine niliyomnunulia ninapata 134 kwa 82 au karibu na hapo. Ameanza kusema kwamba hospitali wanamtisha bure na anataka kuziacha dawa. Nimwamini nani?

Mwenye uzi

Ndugu yangu, msalimie mama. Vipimo vyote viwili vinaweza kuwa vya kweli. Wapo watu ambao presha yao hupanda kwa sababu ya foleni, wasiwasi na mazingira ya hospitali, na ndiyo maana kipimo cha nyumbani kina mpaka wake: 135 kwa 85 nyumbani hulinganishwa na 140 kwa 90 hospitalini. Kwa namba ulizoandika, mama yuko chini kidogo tu ya mpaka huo, tena akiwa anatumia dawa. Maana yake ni kwamba dawa zinamfaa. Akiziacha, namba za nyumbani nazo zitapanda.

Fanya hivi. Hakikisha mashine ni ya mkono wa juu, kwa kuwa zile za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi, na mkanda umtoshe. Kwa siku 7 mfululizo mpime asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula, kila wakati mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, na uandike kila namba hata ile usiyoipenda. Siku ya kwanza haihesabiwi. Wastani wa siku zilizobaki ndio wa kupeleka kliniki pamoja na mashine yenyewe, ili wailinganishe na yao. Usimpime mara kumi kwa siku, kwani wasiwasi wa kupima nao hupandisha presha. Na kwa umri wake, mpime pia akiwa amesimama kwa dakika 1 na tena dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huenda anapata kizunguzungu anapoinuka, na hilo daktari anapaswa kulijua kabla hajaongeza kidonge chochote. Miezi ya kaskazi, joto linapokuwa kali na jasho jingi, hali hiyo huzidi hasa kwa wanaotumia dawa za kutoa maji.

Mwanafunzi wa uuguzi

Sista, shikamoo. Katika mafunzo yangu ya wodini alipokelewa mzee aliyepooza upande mmoja, presha ikiwa 195 kwa 110. Watoto wake walikuwa wakali sana kwa kuona kwamba haishushwi, na mmoja alikuwa na kidonge cha nifedipini, dawa ya kushusha presha, akitaka kukiweka chini ya ulimi wa baba yake. Sikuwa na maneno ya kuwaeleza. Ningewaambia nini?

Mwenye uzi

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zito, nami nitakaa nalo kidogo.

Kiharusi kinachotokana na mshipa kuziba huacha sehemu ya ubongo ikiwa hai kwa taabu, ikitegemea damu kidogo inayopenya pembeni. Presha iliyopanda ndiyo inayoisukuma damu hiyo. Ukiishusha ghafla, unaikata sehemu ambayo ingeweza kupona. Ndiyo maana katika saa za mwanzo, kwa mgonjwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, presha kwa kawaida huachwa mpaka ipite 220 kwa 120, na kwa anayetarajiwa kupewa dawa hiyo hushushwa kwa uangalifu hadi chini ya 185 kwa 110. Kiharusi cha kuvuja damu kina utaratibu mwingine, na skani ya kichwa ndiyo inayotenganisha viwili hivyo. Kwa maneno mepesi, waambie watoto: "Ubongo wa baba unahitaji presha hii kwa sasa, tunaiangalia kila mara, na kuna kiwango tukikiona tutaishusha." Watu wakali mara nyingi ni watu wenye hofu, na hofu hutulia wakijua kwamba kuna mpaka na kuna anayeutazama.

Nifedipini ya kuweka chini ya ulimi ilikuwa desturi zamani na imeachwa kwa sababu hushusha presha kwa kasi isiyoweza kudhibitiwa, na wapo waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa sababu yake. Hata katika dharura ya kweli ya presha, yaani 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kiungo kinachodhurika sasa hivi, lengo la kawaida ni kupunguza wastani wa presha kwa kisichozidi robo katika saa ya kwanza, kwa dawa ya mshipa na mgonjwa akichungwa. Zipo hali chache ambapo daktari huagiza haraka zaidi, kama vile kupasuka kwa ukuta wa mshipa mkuu wa damu, lakini hilo ni agizo lake.

Tena, jambo ambalo muuguzi hulinda kuliko yeyote mwingine: mgonjwa wa kiharusi asipewe kitu chochote mdomoni mpaka apimwe kama anaweza kumeza. Kidonge kile, maji ya kukiteremshia, na hata uji wa mapenzi aliouleta bintiye, vyote vinaweza kuingia mapafuni.

Mchangiaji kutoka Mji wa Kale

Assalamu alaykum Sista. Baba yangu alilazwa kwa maji ya mapafuni mwezi uliopita, sasa ana nafuu. Anatumia furosemidi, pamoja na enalaprili na karvedilo za presha na moyo. Ramadhani inakaribia na ameapa kwamba hataiacha saumu. Vilevile amekuwa akiiruka furosemidi siku za kutoka, kwa kuwa hapati msala njiani.

Mwenye uzi

Wa alaykum salaam. Nianze na hilo la pili, kwa kuwa ndilo litakalomrudisha wodini mapema. Furosemidi ya kumeza huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu zake huisha kwa takriban saa 6. Siku ya safari hana haja ya kuiruka: anaweza kuzungumza na mtabibu wake aimeze akisharejea alasiri, mradi isiwe usiku ikamkosesha usingizi na kumwangusha gizani akielekea msalani. Wagonjwa wengi huona haya kulisema jambo hili, nasi tusipouliza tutaandika kwamba mgonjwa ni mkaidi.

Kuhusu saumu, Kitabu chenyewe kimemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, au kulisha maskini kwa asiyeweza, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185. Mtu aliyelazwa kwa moyo mwezi mmoja uliopita yuko katika kundi ambalo matabibu hulishauri lisifunge: saa nyingi bila maji juu ya dawa ya kutoa maji na enalaprili zinaweza kuziumiza figo, kisha kunywa maji mengi kwa mkupuo wakati wa kufuturu huulemea moyo. Ningependa aende kliniki kabla ya mwezi kuandama, nanyi mumwombe imamu anayemheshimu azungumze naye, maana baba wa aina hiyo hulisikiliza neno la dini kutoka kwa mwenye elimu yake kuliko kutoka kwangu. Mwenye presha ya kawaida iliyotulia, anayetumia kidonge kimoja kwa siku, mara nyingi huweza kufunga kwa kuhamishia dawa wakati wa futari au daku, lakini naye akapange na mtabibu wake mapema.

Futari yenyewe nayo itazamwe. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Papa na ng'onda, achari, viazi karai vilivyonyunyiziwa chumvi juu na vidonge vya mchuzi huweza kuimaliza hesabu hiyo katika mlo mmoja. Sisemi nyumba nzima iache ladha: ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na bizari hubeba chakula vizuri. Madafu na ndizi zina potasiamu nyingi, nayo humfaa mwenye presha ya kawaida, lakini kwa baba yako anayetumia enalaprili, ambayo huizuia potasiamu kutoka mwilini, asinywe madafu kila siku kabla damu yake haijapimwa. Tahadhari hiyo inahusu pia chumvi mbadala zinazouzwa kwa wagonjwa wa presha, kwani nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Akianza kukohoa kikohozi kikavu kisichoisha, huenda ni enalaprili, na ipo dawa mbadala. Akivimba midomo au ulimi, hiyo ni dharura ya papo hapo. Karvedilo asiiache ghafla kwa hali yoyote.

Mchangiaji kutoka Kisauni

Dada, je, mama aliyekwisha kujifungua anaweza kupata presha? Wifi yangu alijifungua siku 5 zilizopita, anaumwa kichwa sana na anaona ukungu, na wazee wanasema ni uchovu wa uzazi.

Mwenye uzi

Dada, usisubiri jibu refu. Mpelekeni hospitalini sasa hivi, na mseme mlangoni kwamba amejifungua siku 5 zilizopita, anaumwa kichwa na haoni vizuri. Kifafa cha mimba hutokea pia baada ya kujifungua, na presha ya mzazi mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 6. Kichwa kikali, ukungu machoni na maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia havipaswi kuitwa uchovu.

Kwa wengine wanaosoma: mzazi anayeanza kuhema na kuvimba kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi takriban miezi 5 baada ya kujifungua anahitaji pia kupigwa picha ya moyo, kwa kuwa upo ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wazazi katika kipindi hicho hasa, nao hufichika nyuma ya dhana kwamba kila mwenye mtoto mchanga huchoka.

Mchangiaji kutoka Kisauni

Tumemfikisha. Presha ilikuwa 170 kwa 112, amelazwa na ameanzishiwa sindano ya magnesiamu. Mungu akulipe.

Mwenye uzi

Alhamdulillahi. Mtaona wauguzi wakimgonga goti kwa nyundo ndogo, wakihesabu pumzi zake na kupima mkojo kila saa. Msiwe na hofu: ndivyo tunavyohakikisha kwamba magnesiamu haijamzidi.

Muuguzi mstaafu

Mwenzangu, nimekusoma kwa makini na nakubaliana na mengi, lakini niruhusu nikuulize kwa heshima. Nimefanya kazi katika wodi ambako wauguzi wawili hubeba wagonjwa wengi kuliko wanavyoweza kuwajua kwa majina. Mafunzo hayo ya familia yatafanywa saa ngapi, na nani? Ninachelea kuwatwika wauguzi vijana lawama nyingine juu ya mzigo walio nao.

Mwenye uzi

Dada yangu mkubwa, hoja yako nimeipokea, na sitajifanya kwamba upungufu wa wauguzi unatibiwa kwa moyo wa kujitolea. Wanaopanga ajira wanapaswa kuulizwa, na sisi tuendelee kuwauliza. Hata hivyo sidhani kwamba mafunzo yanahitaji saa ya peke yake. Ninapompima mgonjwa uzito asubuhi, ninamwomba yeye au mwanawe asome namba na kuiandika. Ninapogawa dawa, ninamuuliza hiki kidonge ni cha nini, na kesho namuuliza tena. Wakati wa kutazama wagonjwa ninamwonyesha binti yake jinsi ya kubonyeza muundi, akabonyeza mwenyewe. Kwa siku 4 au 5 za kulazwa, familia imeshajifunza kwa vitendo, nami sikuongeza kazi, niliifanya ileile nikiwa na mtu pembeni. Jambo la lazima ni kumtaka arudie kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu swali la "umeelewa?" kila mtu hulijibu ndiyo.

Siku ya kuruhusiwa, ninaandika kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja: uzito wake wa leo, dawa zake, kila moja ya nini na inamezwa saa ngapi, nani wa nyumbani atakayeandika uzito kila asubuhi, kwa jina lake, na mambo ya kumrudisha mara moja, ambayo ni kilo 2 ndani ya siku 3, kuhema akiwa amelala, kuzirai, maumivu ya kifua yanayodumu zaidi ya dakika chache, au uso, mkono na maneno kubadilika ghafla. Mwenye kisukari, mzee na mwanamke huandikiwa pia kwamba mshtuko wa moyo unaweza kuja kwa jasho, kichefuchefu na uchovu mkubwa bila maumivu makali ya kifua. Tarehe ya kliniki huwa ndani ya wiki mbili. Kabla hawajaondoka ninauliza kama dawa za mwezi mzima zimepatikana au nusu tu, na kama mgonjwa amesajiliwa katika SHA, yaani bima ya afya ya serikali, kwani vidonge vya wiki moja kwa ugonjwa wa maisha ni ahadi ya kurudi kitandani.

Kwa wauguzi vijana wanaotaka kuanza, anzeni na kitanda kimoja katika zamu yenu ya kesho, na karatasi hiyo mwiandike siku ya kwanza ya kulazwa, muwe mnaijaza kidogo kidogo hadi siku ya kutoka.